Saa moja na nusu, kuanzia wapi?

Mama yangu ni mtu wa Ukerewe. Kazaliwa kisiwani, kaolewa kisiwani, na kwa zaidi ya miaka arobaini kaanika dagaa kisiwani. Mwezi wa nane nilimpigia simu kumwambia kwamba tumepata miadi ya daktari wa mifupa Dar es Salaam, na kwamba safari hii tutapanda ndege. Hakuuliza nauli. Nikamwambia, kwa furaha kabisa, "Mama, ni saa moja na nusu tu."

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Saa moja na nusu kuanzia wapi, baba?"

Mimi ni mwalimu wa hisabati Mwanza. Kila mwaka nafundisha kidato cha tatu mada ya dunia kama tufe: duara kuu (lile linaloigawa dunia nusu kwa nusu), latitudo, longitudo, umbali kati ya mji na mji, meli imeondoka saa ngapi na itafika saa ngapi. Nimesahihisha maelfu ya majibu ya maswali hayo. Swali la mama lilinishinda kulijibu palepale kwenye simu.

Nalo halikuwa swali la udadisi. Nyonga yake ya kushoto imeisha. Akikaa kitako saa mbili mfululizo lazima asimame, ashike kitu, anyooke, angoje maumivu yapoe ndipo aketi tena. Basi la Dar linaondoka Nyegezi alfajiri na kufika stendi ya Mbezi Luis usiku. Ni kama kilomita 1,150 za lami kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, saa kumi na sita hadi kumi na nane za kukaa. Alisafiri hivyo mara moja, miaka mitatu iliyopita, akalala siku nne bila kutoka chumbani kwa dada yangu. Kwa hiyo alipouliza kuanzia wapi, alikuwa anataka kujua atakaa kitako kwa muda gani na atasimama wapi.

Nilianza na ninachokijua. Kesho yake nilichora ubaoni viwanja viwili vya ndege. Mwanza: nyuzi 2 na dakika 27 Kusini, nyuzi 32 na dakika 56 Mashariki. Julius Nyerere, Dar es Salaam: nyuzi 6 na dakika 53 Kusini, nyuzi 39 na dakika 12 Mashariki. Nikawaambia wanafunzi watafute umbali.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, hivi viwanja haviko kwenye latitudo moja wala longitudo moja." Alikuwa sahihi. Maswali tuliyozoea darasani humpa mwanafunzi miji iliyo kwenye mstari mmoja, ama wa kusini kwenda kaskazini, ama wa mashariki kwenda magharibi. Dunia haikupanga miji yake hivyo. Lakini sisi tunaishi karibu na ikweta, na hapa kuna njia nyepesi ambayo nadhani kila mtoto wa Tanzania angeonyeshwa: chukua tofauti ya latitudo, chukua tofauti ya longitudo, zifanye pande mbili za pembetatu mraba, kisha mwite Pythagoras.

Tofauti ya latitudo ni nyuzi 4 na dakika 26, yaani dakika 266 (hizi ni dakika za pembe, 60 kwa kila nyuzi). Dakika moja ya duara kuu ni maili moja ya baharini, kwa hiyo upande wa kwanza ni maili 266. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 6 na dakika 16, yaani dakika 376. Hizo huzidishwa kwa kosaini ya latitudo ya katikati, ambayo kwetu inapunguza maili moja tu, zikabaki 375. Mraba wa hiki, mraba wa kile, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: maili 460 za baharini. Zidisha kwa 1.852, unapata kilomita 852. Waliotumia nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,400 tulichozoea darasani walipata 856. Sema 850 na hutakuwa umekosea. Darasa zima lilikaa kimya wakiangalia namba hiyo, nami nilikuwa na furaha ambayo mwalimu huipata mara chache kwa muhula.

Baada ya kipindi nilichukua rula nikaivutia mstari ramani ya Tanzania iliyo ukutani ofisini. Mstari huo hauendi Dodoma wala Morogoro mjini. Unatoka ziwani, unapita karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Eyasi, unauacha Mlima Hanang upande wa kulia na Kondoa upande huohuo, unakata nyika za Kiteto, kisha unashuka kuelekea bonde la Wami na pwani. Basi linazunguka kwa chini, kilomita 300 zaidi. Reli ya SGR itakapofika kwetu itakuwa kilomita 1,219, maana nayo inapita Dodoma na Tabora. Sioni ubaya. Barabara na reli zinafuata watu walipo. Ndege peke yake ndiyo haina wa kumchukua njiani.

Umbali tulikuwa nao. Muda ndio ulianza kunisumbua.

Zile tovuti zinazokokotoa muda wa ndege kati ya kiwanja na kiwanja, nyingine zinatumia hesabu rahisi mno: umbali gawanya kwa mwendo wa kama kilomita 800 kwa saa, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa 850 unapata saa moja na dakika 34. Huko ndiko ilikotoka ile saa moja na nusu niliyompa mama. Tiketi yetu ilisema kitu kingine: kuondoka saa sita na dakika kumi mchana, kufika saa nane na dakika kumi. Saa mbili. Nilipouliza nikaambiwa ndege ya siku hiyo ni ya pangaboi. Ndege ndogo za pangaboi za safari za ndani huenda kama kilomita 500 kwa saa, nyingine 600 na ushei. Jeti inazidi 800. Halafu muda wa ratiba hauhesabiwi magurudumu yanapoiacha ardhi. Unahesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka pale ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa upande wa pili, pamoja na kutambaa kwake uwanjani.

Nikampigia tena mama. "Ni saa mbili, kuanzia ukishafunga mkanda." Akasema, "Haya. Na kabla ya mkanda?"

Basi nikaamua nisimjibu kwa kukisia. Nilinunua daftari dogo, nikalichora safu tatu: saa, mahali, na amekaa au amesimama.

Safari ilianzia mlangoni kwake. Kutoka nyumbani hadi gati la Nansio kwa gari la jirani, dakika 40, amekaa. Meli iliondoka saa mbili asubuhi ikatia nanga Mwanza saa tano na dakika ishirini. Kutoka Nansio hadi Mwanza ni kama kilomita 50 za maji, na sisi tulitumia saa tatu na dakika ishirini, mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Ila humo mama alikuwa mzima. Alisimama akashika reli, akatembea hatua zake, akalala ubavu kwenye benchi, akaongea na akina mama wa mizigo. Safu ya tatu ya daftari inasema "huru". Sisi watu wa ziwa tumezoea kwamba kilomita si kipimo cha safari. Kilomita 3 za Kigongo na Busisi zilikuwa zinakula saa nzima, na siku nyingine zaidi, ukihesabu foleni ya kivuko. Tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025 ni dakika chache tu. Kilomita ni zilezile.

Alilala kwangu Nyakato. Kesho yake tulitoka saa tatu na dakika arobaini asubuhi, tukafika kiwanjani saa nne na robo. Niliomba kiti cha magurudumu siku niliyokata tiketi, na ninamsihi kila mwenye mgonjwa afanye hivyo, asingoje kuomba mlangoni. Mama hakutaka kukikalia. Alikisukuma yeye mwenyewe kama mkongojo, taratibu, kutoka ukaguzi hadi chumba cha kusubiri, kisha akasimama dirishani akiangalia ziwa. Kiwanja cha Mwanza kiko kandokando ya maji, na siku ile maji yalikuwa yametulia kama sinia.

Ngazi za ile ndege zilikuwa chache na fupi. Alizipanda kwa mguu wake, mhudumu mmoja akiwa nyuma yake, mimi mbele.

Ndege ilianza kusogea saa sita na dakika kumi na sita. Magurudumu yaliiacha ardhi saa sita na dakika ishirini na nne. Niliandika, mkono wa kushoto umeshikwa na mama kwa nguvu sana. Tulipanda juu ya maji kwanza, kisha ikalala upande mmoja ikageuka kusini mashariki, na mawe ya Mwanza yakawa kama kokoto.

Alizoea haraka kuliko nilivyotarajia. Taa ya mkanda ilipozimika alisimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele, akanyooka, abiria wa nyuma yetu akimpisha kwa heshima zote. Baada ya dakika kama arobaini mlima mmoja ulijitokeza upande wa kulia, umesimama peke yake, kichwa juu ya mawingu. Nilimwonyesha: "Ule ni Hanang, mama." Ni mlima wa zaidi ya mita 3,400, na ulikuwa palepale rula yangu ilipoahidi. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Nimefundisha duara kuu miaka kumi na miwili kwa chaki, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa juu ya mstari huo.

Kushuka ndiko kulimsumbua. Kiwanja cha Mwanza kiko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, cha Dar mita 55 hivi, kwa hiyo ndege inashuka kuliko ilivyopanda, na ni masikio yanayolipa. Nilikuwa nimesoma habari ya kutafuna pipi, nikampa mbili. Akasema yameziba lakini hayaumi. Magurudumu yaligusa Dar saa nane na dakika nane. Dakika 104 hewani. Gawanya kilomita 850, unapata kama 490 kwa saa. Ndege ilisimama saa nane na robo, dakika tano tu kupita ratiba, na mama akasema maneno ambayo niliyaandika kama yalivyo: "Kumbe ndiyo hivyo tu."

Nilidhani tumemaliza. Hapo ndipo nilipokosea, na bado linaniuma.

Dada yangu anakaa Kimara. Kutoka kiwanjani ni kama kilomita 20: Barabara ya Nyerere hadi Tazara, kushoto Barabara ya Mandela, Buguruni, Tabata, hadi Ubungo, kisha Barabara ya Morogoro. Tuliondoka na teksi saa tisa kasoro dakika kumi. Mandela ilikuwa imejaa malori ya bandarini kichwa kwa mkia. Mama yuko kiti cha nyuma cha gari dogo, magoti yamekunjwa, hawezi kusimama, hawezi kulala, joto la Dar ambalo hajalizoea. Buguruni alikuwa ameacha kuongea. Kabla ya Tabata nikaona anauma ukosi wa kitenge. Nikamwomba dereva aingie kituo cha mafuta. Tulimtoa, akasimama ameshika mlango wa gari, macho yamefumba, dereva kijana akimpepea kwa gazeti na kumwambia, "Pole mama, pole sana mama yangu." Tulikaa pale dakika kumi na tano.

Tulifika Kimara saa kumi na dakika thelathini na tano. Saa moja na dakika 45 kwa kilomita 20. Ni dakika moja zaidi ya muda wote tuliokuwa hewani kutoka Mwanza. Ni mwendo wa kilomita 11 kwa saa, yaani meli ya Nansio ilitushinda.

Usiku ule nilijumlisha daftari. Kutoka mlango wangu Nyakato hadi mlango wa dada Kimara ni saa sita na dakika 55. Hewani ni dakika 104, robo ya safari. Na katika robo hiyo mama alisimama mara tatu, alikunywa chai, aliona Hanang. Maumivu yote ya siku ile yako kwenye mstari mmoja wa daftari, ule wa gari. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kumwandaa mama kwa ajili ya kilomita 850 za angani, na sikutumia hata dakika moja kufikiria zile 20.

Kwa hiyo wakati wa kurudi, baada ya siku kumi na nane, sikuangalia ndege kwanza. Niliangalia barabara. Nilichukua ndege ya alfajiri. Tulitoka Kimara saa kumi na robo usiku, mama amelala nusu nusu kiti cha mbele kilichorudishwa nyuma, na kwa dakika 35 tulikuwa kiwanjani. Ndege hiyo ilikuwa jeti, ikatumia dakika 68 hewani. Mlango wa Nyakato tuliufungua saa mbili na nusu asubuhi: saa nne na robo kwa jumla. Tumeokoa saa mbili na dakika 40, na jeti yenyewe iliokoa dakika 36 tu kati ya hizo. Asilimia kubwa ya iliyobaki ni kuamka mapema. Mtu akiniuliza leo ampelekeje mzazi wake Dar, swali langu la kwanza ni atatua saa ngapi na anakwenda mtaa gani. Aina ya ndege naiuliza mwishoni.

Daktari alimpa mazoezi, dawa, na tarehe ya mwezi wa tatu ya kuamua kuhusu upasuaji. Kwa hiyo daftari bado lina kurasa za kujazwa.

Kuna ukurasa mmoja ambao si wangu, wa jioni yetu ya pili Kimara. Mama alikuwa amepumzika, tumemwekea kiti kibarazani kinachoangalia magharibi. Kabla hata ya saa kumi na mbili na nusu akasema, "Mbona jua la huku lina haraka?" Kule kwetu, mwezi wa tisa, saa kumi na mbili na nusu bado unaanua dagaa kwa mwanga wa jua. Nikamweleza: dunia inazunguka kwenda mashariki, kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne, na kati ya Nansio na Kimara kuna nyuzi 6 na kidogo. Saa za ukutani ni zilezile nchi nzima, ila jua halifuati saa ya ukutani. Linatakiwa kuzama Ukerewe dakika 24 hivi baada ya kuzama hapa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba simu yake. Akampigia jirani yake wa Nansio, yule wa gari. Wakasalimiana, nyonga ikaulizwa, kuku wakaulizwa. Halafu mama akamwambia, "Toka nje uangalie ziwani. Jua liko wapi?" Nikasikia sauti ya yule mama ikisema lipo, bado liko juu ya maji. "Likizama lote, nibip."

Jua letu likaingia nyuma ya vilima vya upande wa Mbezi. Mama akaniambia, "Andika." Nikaandika saa. Dada akaleta chai. Giza likaingia, taa za magari zikajipanga Barabara ya Morogoro, mama ameshika simu mapajani kwa mikono miwili, haongei na mtu.

Ilipolia, aliitazama ikalia mara mbili ikakata. "Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na sita, mama."

"Ulisema ishirini na nne."

Nikamwambia mbili zilizozidi ni za vile vilima. Vililificha jua letu mapema, na wao kule wanaliona mpaka linagusa maji. Akatikisa kichwa kukubali, akaomba daftari na kalamu, na chini ya mistari yangu yote akaandika mwenyewe, kwa herufi zake kubwa za kisomo cha watu wazima: KIMARA – NANSIO, DAKIKA 26.